Namna ya Kuitafsiri The Matrix kwa Maiki, Mbele ya Watazamaji wa Moshi

Kutafsiri filamu papo kwa papo, maiki mkononi na watazamaji gizani, ni kazi yenye adabu zake, na wengi wetu tulioanzia kwenye mabanda ya video ya Pasua na Majengo, hapa Moshi, tulijifunza kwa kuwasikiliza waliotutangulia, hasa kwenye mikanda iliyobeba sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam. Filamu nyingi za mapigano hazimsumbui mtafsiri. Adui anajulikana, kisasi kinajulikana, na hata ukikosea sentensi mbili, ngumi inamalizia maelezo. The Matrix haiko hivyo. Filamu hii ya mwaka 1999, iliyoandikwa na kuongozwa na ndugu wawili wa Marekani, Lana na Lilly Wachowski, ina dakika 136, na kwa takribani dakika 40 za mwanzo mhusika mkuu mwenyewe, kijana aitwaye Neo, hajui yuko wapi. Mtafsiri anajua. Anakaa na jibu mdomoni muda wote huo, na kazi yake ni kulitunza bila kuwapoteza watu njiani.

Mara ya kwanza nilipoitafsiri, katika banda moja la huko Pasua, nilifanya kosa lililonifunza kuliko miaka yote iliyofuata. Dakika tano tu baada ya kuanza, kwa kutaka kuwaonyesha watu kwamba ninaijua filamu, nilisema kwenye maiki, “Jamani, mji huu wote mnaouona ni mazingaombwe.” Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele, kofia ameiweka gotini, aligeuka akaniuliza kwa upole, “Sasa mwenye mazingaombwe ni yupi?” Sikuwa na jibu la haraka. Tangu hapo banda zima likawa linamtafuta mganga. Bibi mwaguzi alipotokea jikoni kwake akioka biskuti, watu walipiga makofi kwamba hatimaye mchawi amepatikana, na zile mashine, ambazo ndizo adui wa kweli, hazikumtisha mtu yeyote hadi mwisho. Filamu nzima ilipotea kwa neno moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kugusa spika, ni kuamua Matrix yenyewe utaiitaje. Ushauri wangu ni kuliacha neno kama lilivyo, Matrix, kama jina la mahali, na kulieleza pale tu filamu yenyewe inapolieleza. Epuka mazingaombwe, epuka kiinimacho, na epuka uchawi kwa namna yoyote, kwa sababu maneno hayo kwetu yana mwenyewe: nyuma yake yupo mtu mwenye hila na kitambaa. Matrix haina mtu nyuma yake. Ni programu ya kompyuta inayoendeshwa na mashine, iliyounganishwa kwenye ubongo wa binadamu aliyelala, ikimfanya aone barabara, asikie honi na kuonja chakula ambacho hakipo. Neno “ndoto” unaruhusiwa kulitumia kabla ya kile kipande cha vidonge, pale Neo anapochagua kati ya kidonge cha buluu na chekundu, kwa kuwa mwenyewe anadhani anaota. Baada ya hapo liache, ukaseme “dunia ya programu”, na usibadilishe tena. Mtazamaji wa banda hana kitabu cha kurudia ukurasa. Akilisikia neno jipya atadhani ni kitu kipya.

Andaa daftari. Itazame filamu mara tatu: mara ya kwanza kimya kimya kama mtazamaji wa kawaida, mara ya pili ukiandika, mara ya tatu ukizungumza kwa sauti chumbani mwako huku umeshika hata kijiti badala ya maiki. Katika daftari piga mistari ya safu nne, yaani dakika, anayesema, sentensi yako ya Kiswahili, na safu ya nne ambayo ndiyo roho ya kazi hii, uandike neno moja tu: ndani au nje. Ndani maana yake tuko katika dunia ya programu. Nje maana yake tuko katika dunia halisi, kwenye ile meli chakavu inayopita katika mifereji ya chini ya ardhi. Mtafsiri akichanganya ndani na nje hata mara moja, watu watauliza kwa nini mtu anayeruka ghorofa kwa ghorofa anashindwa kuinuka kitandani, na swali lao litakuwa la haki.

Waongozaji wamekusaidia sana katika hilo, ukiwa na macho. Vipande vya ndani vimetiwa rangi ya kijani kibichi iliyofifia, na vya nje vina rangi ya baridi ya kibuluu. Ndani watu wamevaa makoti marefu meusi na miwani ya giza. Nje wamevaa sweta zilizotoboka na wana tundu la plagi kisogoni. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba projekta ikaguliwe mchana, kabla watu hawajaja. Projekta nyingi za mabanda zimewekwa mpangilio wa mpira wa miguu, unaofanya kila kijani king'ae kama nyasi za uwanjani, na ukiiacha hivyo utaziharibu ishara ambazo watazamaji wangezisoma wenyewe bila wewe kufungua kinywa. Rudisha rangi kwenye hali ya kawaida. Kisha ipe sauti yako nayo rangi mbili: ndani, zungumza kwa mwendo wa kawaida, maiki ikiwa mbali kidogo na mdomo, nje, shusha sauti, sogeza maiki karibu, zungumza taratibu kama mtu aliye chumba kimoja na mgonjwa. Baada ya robo saa tu utaona watu wanajua walipo kwa kukusikia.

Dakika kumi za mwanzo zina mtego ambao vijana wa sasa hawauoni, nao ni simu. Trinity, mwanamke wa kundi linalopigana na mashine, anakimbizwa juu ya mapaa, anaingia kwenye kibanda cha simu, lori linakibomoa, na yeye hayumo. Hapo usieleze amekwenda wapi, lakini lazima ukaze neno “simu ya waya”, na ulitumie kila inapotokea, kwa sababu sheria ya filamu hii ni kwamba mtu hutoka ndani kwa kupitia simu ya waya peke yake. Simu ya mkononi humwezesha kuzungumza na mwenzake aliye melini, basi. Wenye umri wangu tunazikumbuka simu za mezani zilizofunikwa kitambaa cha kufuma, lakini kijana wa miaka 17 hajawahi kuisikia ikilia, na asipolishika hilo mapema hataelewa kwa nini, saa mbili baadaye, Neo anakimbia akitafuta simu huku mifukoni mwake pengine kuna nyingine.

Maandishi ya kwenye kompyuta ya Neo yasome yote, hata kama unaamini kila mtu banda zima anajua kusoma. Yanapita upesi na yako kwa Kiingereza. Anaambiwa aamke, anaambiwa amfuate sungura mweupe. Hapa toa angalizo dogo la sentensi moja, kwa kuwa kwetu sungura ni yule mjanja wa hadithi anayemdanganya fisi, na watu watangoja ujanja. Sungura huyu ni mchoro tu kwenye bega la mwanamke anayekuja mlangoni. Ni alama ya njia. Sema “ona begani” kisha nyamaza.

Sasa kile kipande cha vidonge, karibu nusu saa tangu kuanza. Ninaomba ukipe heshima yake. Morpheus, kiongozi wa kundi la Trinity, amekaa kwenye kiti cha ngozi, mvua inapiga dirishani, na katika miwani yake kila kioo kinaonyesha kidonge kimoja. Ni kipande cha maneno matupu, na wapo watafsiri wanaokiharakisha ili wafike kwenye ngumi, jambo ambalo ni hasara, kwa sababu kila ngumi inayofuata inapata uzito wake hapa. Sema “kidonge”, usiseme “dawa”. Dawa kwetu ina mganga wake na ina maradhi yake, na Neo hatibiwi chochote. Kidonge cha buluu: unaamka kitandani kwako, unaendelea kuamini unachotaka. Kidonge chekundu: unabaki, unaonyeshwa. Tena usilisahau onyo la Morpheus kwamba anachotoa ni ukweli tu, hakuna cha zaidi. Hajamwahidi Neo raha, wala ushindi. Watu wakilisikia vizuri sharti hilo, baadaye hawatamlaumu Morpheus wakati Neo anapotapika sakafuni kwa kukataa alichoonyeshwa. Neo akinyoosha mkono, ondoa maiki mdomoni. Nimewahi kusikia banda la watu 60 likiwa kimya kiasi cha kusikia jenereta la nyumba ya tatu, na ukimya huo hauji mtu akiongea.

Inafuata siri yenyewe. Katika chumba cheupe kisicho na kuta, Morpheus anamwambia Neo kwamba mwaka anaoudhani ni 1999 kwa kweli unakaribia 2199, kwamba binadamu na mashine walipigana, na kwamba mashine sasa huwalima binadamu na kuvuna nishati ya miili yao. Kisha anainua betri. Hapo Kiswahili kinatosha kabisa. Sisi tuliokulia migombani, ambako betri za redio zilianikwa juani juu ya bati ili zisukume taarifa ya habari ya jioni moja zaidi, hatuhitaji kuelezwa kitu kinachotumiwa hadi tone la mwisho ni kitu gani. Mimi husema tu, “Mwanadamu amekuwa betri,” na kuacha picha ya mashamba ya watu waliolala ndani ya maji mazito ifanye iliyobaki.

Kama unataka mfano mmoja wa nyumbani, mwaka wa Moshi unao. Mwezi Juni na Julai mawingu hukaa siku nyingi, na mtu anaweza kwenda sokoni Mbuyuni na kurudi wiki nzima bila kuiona Kibo. Hakuna anayeshuka kwenye daladala akidai mlima wenye mita 5,895 umeondoka. Sisi tunajua kilichopo ingawa macho hayakioni; Neo ameona maisha yake yote mji ambao haupo. Ninautumia mfano huu kabla ya filamu kuanza, au katika mapumziko umeme ukikatika, wala siutumii kamwe juu ya sauti ya Morpheus. Mfano ukiingia katikati ya maneno ya mhusika, watu hubaki na mfano na kuyapoteza maneno.

Majina yanahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Wale wanaume wa suti na kifaa sikioni, neno la kamusi ni “mawakala”, lakini jaribu kulisema hapa mjini uone: wakala ni mtu wa kibandani anayekutolea fedha kwenye simu. Mimi nasema “maafisa”, na mara yao ya kwanza kuuvaa mwili wa mtu mwingine naongeza kwamba hawa si watu, ni programu zinazoweza kumvaa yeyote ambaye bado ameunganishwa. Usiseme “amepandwa”, kwani utarudi kwenye mashetani na kosa langu la Pasua. Afisa Smith humwita Neo “Bwana Anderson” kila mara, kwa ule ubaridi wa barua ya ofisini, na ni lazima uudumishe ubaridi huo na jina hilo bila kuchoka, maana kule kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi Neo anapojibu kwamba yeye anaitwa Neo, jibu hilo lina nguvu ikiwa tu watu wamelisikia la Anderson hadi limewakera. Mji wa mwisho wa binadamu uite Sayuni. Watu wa hapa wanaliimba jina hilo kila Jumapili. Meli ina jina la Nebukadreza, yule mfalme wa Babeli aliyeota ndoto, na wanaosoma kitabu cha Danieli watalitambua bila msaada. Trinity mwache awe Trinity. Kwa Kiingereza herufi za Neo zikipangwa upya zinatoa neno “mmoja”, mchezo ambao hauwezi kuvuka kuja kwetu, na sioni sababu ya kupoteza pumzi kuueleza. “Mteule”, yaani yule anayetarajiwa kuwakomboa binadamu, linatosha.

Bibi mwaguzi, aliyechezwa na Gloria Foster, mwite Bibi. Ukimpa Neo “Shikamoo” anapoingia jikoni, hujaiongezea filamu uongo. Umemweka kijana mbele ya mtu mzima kama ambavyo kila mtazamaji angemweka. Lakini maneno ya Bibi yenyewe usiyaguse hata kidogo. Wengi humfanya amwambie Neo, “Wewe si Mteule.” Sikiliza tena: ni Neo anayelisema hilo. Bibi anampa pole, anamwambia kipaji anacho, ila anaonekana anangoja kitu, pengine maisha yake yajayo. Sentensi hii ya maisha yajayo iandike kwa kalamu nyekundu. Karibu na mwisho Neo anapigwa risasi katika chumba namba 303, anakufa, anainuka, na ni wakati huo ndipo anapokuwa Mteule. Mtafsiri aliyeikata sentensi ya jikoni amewaibia watu malipo ya filamu nzima.

Sebuleni kwa Bibi huyo huyo yupo mtoto mwenye kipara anayepinda kijiko kwa kukitazama. Nilihangaika na maneno yake kwa muda mrefu. Ukisema “kijiko hakipo”, watu wataanza kukitafuta kilipokwenda, na wanakiona mkononi mwa mtoto. Ukisema “hakuna kijiko”, unasikika kama mhudumu wa mgahawa saa saba mchana. Kiswahili kina silaha nzuri zaidi, ile tunayoitumia kukana kitu kizima kizima, kama tunaposema “hakuna cha udugu hapa”. Basi sema, “Hakuna cha kijiko.” Kwa maneno hayo matatu mtoto anakana kwamba kijiko kiliwahi kuwa kijiko, na ndicho anachomfundisha Neo: asijaribu kukipinda kisichokuwapo, ajipinde yeye.

Mtego mwingine wa lugha uko mezani kwa Cypher, mmoja wa wenzake Neo melini. Anakula mnofu mnono pamoja na Afisa Smith, anajua kwamba mnofu haupo, anajua kwamba programu ndiyo inayouambia ubongo wake kuwa una juisi na utamu, na bado anakubali kuwauza wenzake ili arudishwe usingizini. Ulimi wa mtafsiri utakimbilia methali, na methali iliyo karibu ni “usilolijua ni usiku wa giza”. Iache. Methali yetu inasema kinyume kabisa na anachosema Cypher. Wazee wetu waliuona ujinga kuwa giza, yeye anauona kuwa raha. Mwache aseme waziwazi, “Kutojua ni raha,” huku anatafuna. Watazamaji wanaoijua methali watasikia wenyewe jinsi mtu huyu alivyokwenda kinyume na malezi, na mguno utakaotoka kwenye mabenchi utakuambia kwamba wamesikia. Na tafadhali, hata kama unajua tangu mwanzo kwamba Cypher ni msaliti, sauti yako isimfiche wala isimchongee kabla ya meza hiyo.

Katika mapambano, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Neo na Trinity wakiingia kwenye ukumbi wa jengo wakiwa na bunduki chini ya makoti, nguzo zinapasuka na vigae vinaruka kwa dakika kadhaa karibu bila neno. Zima maiki, usiishushe tu. Hata pale paani Neo anapojipinda nyuma na risasi zikampita taratibu, usipige kelele za mshangao. Watu wanazo zao. Wakikuuliza baadaye, jibu lipo na ni zuri: karibu kamera 120 za picha za kawaida zilipangwa kumzunguka mwigizaji, zikafyatuliwa moja baada ya nyingine, kisha kompyuta ikajaza mapengo kati ya picha na picha. Mapigano ya mikono yalipangwa na Yuen Woo-ping wa Hong Kong, na waigizaji walifanya mazoezi kwa takribani miezi minne kabla ya kurekodi huko Sydney. Filamu ilipata tuzo 4 za Oscar, zote za ufundi: uhariri, athari za picha, sauti na uhariri wa athari za sauti. Tuzo mbili kati ya hizo ni za sauti, nayo ni sababu nyingine ya kukunyamazisha.

Kuhusu taratibu, nitasema kwa ufupi. Filamu hii ina mwenyewe na inalindwa kwa hakimiliki, hivyo kuionyesha hadharani na kuitafsiri kunahitaji ruhusa ya mwenye haki pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa manispaa yako, akuelekeze. Usiwaingize watoto wadogo. Marekani iliiweka katika daraja la R, na mauaji ya ukumbini peke yake yanatosha kueleza kwa nini. Spika mbili zinatosha banda la kawaida, mradi maiki ipite kwenye mixa ili uweze kushusha sauti ya filamu kwa kidole unapoanza kusema na kuirudisha unapomaliza. Weka betri za akiba za maiki. Weka tochi ya kusomea daftari, uifunike kwa karatasi ili mwanga usifike kwenye pazia.

Kipande cha mwisho kinaanza na skrini ya kompyuta na sauti ya Neo kwenye simu. Anazungumza na mashine, na mtafsiri asiyeangalia atadhani anazungumza na Trinity. Kwa hiyo tangulia nusu pumzi, useme “Neo anaziambia mashine,” halafu utafsiri maneno yake kwa sauti ya ndani, bila haraka, hadi anapokata simu. Anatoka kwenye kibanda, anavaa miwani, anaangalia juu. Maiki iwe imezimwa kabla miguu yake haijaacha ardhi, na taa za banda zisiwashwe mpaka maandishi ya majina yaanze kupanda.